YAH: KUKATIZWA KWA ZIARA YA PANERIAI, LITHUANIA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha walimu Wakenya na Watanzania tunaoishi Ujerumani. Kipeperushi chenu kilituahidi urithi wa Wayahudi jijini Vilnius, kisha mapumziko ya pwani Nida. Pwani tuliipata. Urithi tuliupitia mbiombio.

Kilio chetu kikubwa ni Paneriai, msitu wa mauaji ya halaiki ulioko pembezoni mwa Vilnius. Ratiba ilisema nusu siku. Mwongozaji wenu alitupa robo saa, eti basi liwahi kivuko cha kuelekea Nida kwenye bandari ya Klaipėda, mwendo wa kilomita 300 hivi. Ndani ya msitu ule kuna mashimo makubwa ya duara ambayo Wasovieti waliyachimba kwa ajili ya matangi ya mafuta. Kati ya 1941 na 1944 Wanazi na washirika wao wa Kilithuania waliwapiga risasi hapo Wayahudi wapatao 70,000, pamoja na Wapolandi na wafungwa wa vita wa Kisovieti. Aprili 1944, wafungwa waliolazimishwa kuchoma maiti walitoroka kupitia handaki walilochimba kwa mikono na vijiko. Tulipouliza handaki lilikuwa upande gani, mwongozaji hakujua. Tukafika shimo la kwanza tu. Mwenzetu alikuwa bado anasoma maandishi ya jiwe la kumbukumbu dereva alipoanza kupiga honi. Honi, mahali kama pale! Tuliona aibu mbele ya familia iliyokuwa imesimama karibu nasi kimya.

Sinagogi la mwaka 1903 lililoko Mtaa wa Pylimo mlitupeleka Jumamosi asubuhi, siku ya Sabato, waumini wakiwa katika ibada. Kampuni inayouza safari za urithi wa Kiyahudi inalipangaje hilo?

Hata Nida, kwenye tuta la mchanga la Parnidis, mwongozaji aliwaacha watu wateremke nje ya njia, ilhali mabango yanakataza kwa sababu nyayo huporomosha mchanga.

Tunadai mturudishie gharama za sehemu ya Vilnius. Pia basi la Klaipėda lisiondoke siku ileile ya Paneriai, na anayewapeleka watu huko awe anaijua historia yake. Muda ukiwa haba, punguzeni siku za ufukweni. Sisi tungekubali bila kinyongo.

Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mwakilishi wa kikundi