Barua ya wazi kwa vijana wauza gome la muiri

Wanangu wa Gikomba na Kariokor,

Nawasalimu kwa heshima. Nawaandikia kwa sababu ya maneno yaliyobandikwa kwenye makopo ya unga wa gome la muiri, mti wa dawa unaotumiwa na wanaume wenye shida ya tezi dume, kwamba "huua seli za saratani", kwani wanaume wa rika langu huyasoma, wakanunua, kisha wakaacha kurudi kliniki.

Maneno hayo hayakuzuka hivi hivi. Gome hilo lina betasitosteroli, ndugu wa karibu wa kolesteroli: molekuli yake ina kaboni 29, ya kolesteroli ina 27. Seli za saratani ya tezi dume au ya utumbo mpana zikiwekewa steroli hii maabara kwa siku kadhaa, steroli hujipenyeza katika utando wa seli, vimeng'enya viitwavyo kaspasi huamshwa, na seli nyingi hupunguza kugawanyika au hujiangamiza zenyewe. Hayo yameonekana mara nyingi, wala siyabezi.

Lakini seli iliyo kwenye kisahani cha maabara hailindwi na utumbo wala ini. Mtu akila steroli hii, iwe ya gome, ya parachichi au ya njugu, chini ya asilimia 5 tu huingia mwilini, kwa kuwa ukuta wa utumbo una pampu za protini, ABCG5 na ABCG8, zinazoirudisha ilikotoka, na hata ile kidogo iliyopenya, ini huitoa kupitia nyongo. Isitoshe, yapo majaribio ya maabara ambamo steroli hiyo hiyo ilichochea ukuaji wa seli za saratani ya matiti zinazotegemea estrojeni, yaani homoni ya kike, kwa hiyo msimpe mama yeyote ahadi hiyo.

Linaloniumiza zaidi ni habari ya mkojo. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1995, kwa wanaume 200 wenye tezi dume iliyotanuka bila saratani, ulionyesha kwamba betasitosteroli ilirahisisha mkojo, ila tezi yenyewe haikupungua. Fikirini basi: mzee aliyekuwa akiamka usiku kucha sasa analala, anarudi kibandani kuwashukuru, anaamini amepona, ilhali kama ana saratani, inaendelea kukua na huenda ikafika mifupani. Nafuu hiyo, ambayo ni ya kweli, ndiyo inayomchelewesha.

Nawasihi muyabandue maneno hayo. Mzee akija kununua, muulizeni kwanza kama amepimwa PSA, ambacho ni kipimo cha damu tu cha kutafuta dalili za saratani ya tezi dume, na kama bado, mwambieni aende hospitali kabla hajafungua kopo. Aliye tayari kwenye matibabu asiache hata dozi moja, na amwambie daktari wake waziwazi kwamba anatumia muiri. Najua kodi ya kibanda haisubiri na huenda mteja akaenda kwa jirani. Hata hivyo, muulizeni.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu wa maabara,
Nairobi