Mkija Malindi Desemba

Kwako Zuhura,

Assalamu alaikum. Kwa siku mbili mtakazokaa hapa na watoto, bahari na magofu vyote mtavipata, ila msianze kupanga kwa ramani. Angalieni mwezi. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hapa hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na huo ndio wakati wa kupanda mashua yenye kioo chini pale ufukwe wa Casuarina, muone matumbawe. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo bahari imejaa; matumbawe yako mbali chini na watoto wataona kiza tu. Maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku.

Kuna na tope. Vuli ikinyesha sana bara, Mto Sabaki huja mwekundu, na upepo wa kaskazi husukuma maji yake kusini mpaka ghuba yetu inageuka rangi ya chai. Mkiikuta hivyo msitupe pesa, nendeni Watamu. Kiingilio cha hifadhi ya bahari hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si taslimu. Lipeni mkiwa bado nyumbani, maana mtandao wa ufukweni una maringo.

Gedi, magofu ya mji wa kale, iwe asubuhi ya siku ya pili. Matatu ya Mombasa, mshuke Gede, kisha tuktuk. Ni kama kilomita 16 kutoka mjini. Chukueni mwongozaji wa hapo hapo, bila yeye mtaona kuta na mizizi. Awapeleke kwenye kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, karibu miaka 100 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Mchungulie na kisima cha Msikiti Mkuu. Kina chake kinatisha, na kukauka kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji ule. Vaeni viatu vya kufunika. Ndizi zikae ndani ya mkoba, kima wa pale hawaombi.

Mjini hakuhitaji gari. Alasiri jua likipoa, anzieni msikiti wa Jumaa na makaburi yake ya nguzo, mfuate barabara ya pwani kuelekea kusini hadi kanisa dogo la Wareno lililoezekwa makuti, mmalizie kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Wengi huenda Nguzo mapema, wakapiga picha jua la baharini likiwachoma macho. Alasiri linakuwa mgongoni. Msalaba wa juu ni wa jiwe la Ureno, nguzo yenyewe ni matumbawe ya hapa. Watoto wasishuke kwenye majabali maji yakijaa, yanateleza vibaya.

Marafa, lile korongo la Hell's Kitchen, iacheni safari hii. Ni mbali, na uzuri wake uko jioni, sasa mtarudi usiku na watoto wamechoka.

Nitumie tarehe kabla hujakata tikiti, nikwambie kama ni bamvua au maji mafu. Wasalimie wote.

Wako,
Mwanakombo