RISALA YA KLABU YA BAIOLOJIA KWA MGENI RASMI, SIKU YA SAYANSI YA SHULE, UJIJI, KIGOMA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama huku mwisho wa reli. Tunafahamu kwamba majukumu yako ni mengi na kwamba ungeweza kutuma mwakilishi. Tunalifahamu vizuri, kwa kuwa wawakilishi tumeshawapokea, na kila mmoja aliahidi kufikisha ujumbe. Kukuona wewe mwenyewe kwenye kiti hicho, kwetu ni sikukuu.

Historia ya klabu yetu ni ndefu na muda wako ni mfupi. Ilianzishwa na wanafunzi wa kidato cha tatu waliochoka kunakili amiba kutoka ubaoni, ikafa, ikafufuliwa na mwalimu mlezi wa sasa, na leo imesimama mbele yako.

Mafanikio ni mengi. Tumekuwa washindi wa pili katika maonyesho ya sayansi ya kata, ambako ushindani ulikuwa mkali ingawa shule ya tatu ilikosa usafiri. Tumepanda miti nyuma ya maabara na baadhi yake inaendelea vizuri. Tumetoa elimu ya kunawa mikono kwa mama lishe wa mwalo wa Kibirizi, ambao walitusikiliza huku wakihudumia wateja. Na mwaka huu tumeandaa maonyesho ambayo, kwa unyenyekevu wote, hayajapata kuonekana katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika: "Nasaba ya Amiba na Vimelea Wenzake".

Mheshimiwa, mada hii hatukuichagua kwa kubahatisha. Hapa kwetu mtu akiumwa tumbo siku mbili, jirani ameshamwambia "hiyo ni amiba", na kabla ya magharibi ameshameza metronidazo aliyonunua duka la dawa bila kupimwa. Tukaona tumchunguze huyu anayesingiziwa kila kitu.

Tulichokikuta ni kwamba amiba si ukoo mmoja. Vitabu vyetu vya zamani vinamweka kila kiumbe cha seli moja kinachotembea kwa miguu ya bandia katika kundi moja, na wataalamu wa vinasaba wameshalivunja kundi hilo. Kujinyoosha na kujivuta ni namna tu ya kutembea, na inaonekana katika koo nyingi zisizo na udugu wa karibu. Entamoeba histolytica, anayesababisha kuhara damu, yumo katika ukoo wa Amoebozoa pamoja na amiba wa madimbwini tunayemchora kwenye mitihani. Ukoo huo uko karibu zaidi na wanyama na uyoga, yaani na sisi tuliokaa hapa, kuliko ulivyo karibu na amiba wengine wengi. Naegleria fowleri ni amiba kwa umbo, anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi yenye uvuguvugu, naye huingia puani hadi kwenye ubongo. Wagonjwa wake wa kwanza walielezwa huko Australia mwaka 1965. Lakini huyu, ambaye hali ikibadilika huota mijeledi miwili, yaani mikia ya kuogelea, nasaba yake iko upande wa Euglena, kiumbe wa kijani wa seli moja, na Trypanosoma. Trypanosoma ndiye wa malale, anayeletwa na ndorobo, na wazee wa Kibondo na Kasulu hawahitaji sisi tuwaeleze habari zake. (Ugonjwa wa Naegleria ni adimu sana. Wazazi wasiwakataze watoto kuogelea ziwani kwa sababu ya risala yetu.)

Wapo foraminifera, viumbe wa seli moja wa baharini, wenye miguu ya bandia myembamba kama nyuzi, nao ni ukoo mwingine tena. Magamba yao yamejaa ndani ya mawe ya chokaa yaliyojengea piramidi za Giza. Plasmodium wa malaria bado amebeba ndani ya seli yake mabaki ya kloroplasti, ile sehemu ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga, kwa kuwa mababu zake waliishi kwa mwanga wa jua. Blastocystis wa tumboni nasaba yake iko na mwani wa kahawia wa baharini. Meza ya huyu wa mwisho ndiyo iliyozua mabishano makubwa wiki nzima, hadi mlezi akaifunga maabara.

Mabishano mengine yalihusu mitokondria, sehemu za seli zinazotoa nishati kwa kutumia oksijeni. Kwa miaka mingi Entamoeba na Giardia, kimelea mwingine wa utumbo, walionekana hawana kabisa, wakadhaniwa ni viumbe wa kale mno, waliojitenga na wengine kabla mitokondria hazijakuwepo. Mwaka 1999 mabaki yake yakapatikana ndani ya Entamoeba, na mwaka 2003 ndani ya Giardia. Kumbe walikuwa nazo, zikasinyaa kwa kuishi tumboni ambako oksijeni ni haba. Mtu anaweza kuonekana hajawahi kuwa na kitu, kumbe alikuwa nacho kikamwishia. Maabara yetu ni ya aina hiyo, na hapo ndipo tunafika kwenye jambo lililotuleta.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viumbe vyote tulivyovitaja, hakuna mwanachama hata mmoja aliyewahi kuviona. Utakachokiona mezani ni michoro kwenye karatasi za manila. Klabu ina hadubini moja. Lenzi yake ya kukuza mara 40 imeota ukungu, ambao kwa sasa ndio kiumbe hai pekee kinachoonekana humo. Kioo chake cha kuakisi mwanga kimeshikiliwa na gundi. Lenzi ya mara 100, ile ya tone la mafuta, haijawahi kuwepo.

Lenzi hiyo si anasa. Kifuko cha Entamoeba histolytica, yaani umbo lake la kujifungia linalotoka na kinyesi, ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Kikikomaa kina viini 4, na cha Entamoeba coli asiye na madhara hufika viini 8. Anayeweza kuhesabu viini hatamtibu mtu kwa sababu ya coli huyo asiyemdhuru. Mwanafunzi wetu anayeota kuwa mtaalamu wa maabara anayakariri haya bila kuwahi kuhesabu hata kiini kimoja.

Tunasema hivi kwa heshima, kwa kuwa mgeni rasmi mmoja aliyewahi kuketi hapo alisikia ombi hili akatujibu kwamba hadubini zimepitwa na wakati, siku hizi ni DNA. Hakukosea yote. Yuko Entamoeba dispar, anayefanana na histolytica chini ya hadubini, na hana madhara. Brumpt, mtaalamu wa vimelea wa Ufaransa, alisema mwaka 1925 kwamba hao ni wawili, akapuuzwa, hadi mwaka 1993 vipimo vya kisasa vilipomthibitisha. Lakini mashine ya DNA hatukuletewa pia. Na kabla ya DNA, daktari Lösch alimwona amiba wa kuhara damu kwa hadubini huko St. Petersburg mwaka 1875, na Mholanzi Leeuwenhoek alimwona Giardia kwenye kinyesi chake mwenyewe mwaka 1681, kwa lenzi aliyojitengenezea. Kwa vifaa, Mheshimiwa, shule yetu iko nyuma ya mwaka 1681.

Ahadi si kwamba hazikutolewa. Tuliahidiwa hadubini 5 "kabla ya mvua kuanza". Mvua zimeanza na kwisha zaidi ya mara moja. Tukaletewa wapimaji waliopima meza kwa futikamba, wakanywa soda, wakaondoka na vipimo. Mwingine alituletea mipira na jezi, na tulishukuru kwa dhati, timu ya shule imependeza. Meli yetu ya Liemba ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kufikia mwaka 1927 ilikuwa ikisafiri tena. Hadubini zetu hakuna aliyezizamisha.

Hivyo tunaomba, kwa unyenyekevu, hadubini 5 za wanafunzi zenye kioo cha kuakisi mwanga, ili umeme ukikatika kipindi kiendelee, na moja ya mwalimu yenye lenzi ya mara 100. Pamoja nazo tunaomba mafuta yake, ayodini ya kutia rangi, na slaidi zilizokwisha kuandaliwa za Entamoeba, Giardia, Trypanosoma na Plasmodium, ili tusilazimike kushika kinyesi cha mtu. Kabati la kufuli tunalo. Mlezi ameambatisha profoma za wauzaji, ili isije ikasemwa tena kwamba bei haikujulikana.

Baada ya kukagua meza, Mheshimiwa, utakuta daftari la ahadi kwenye meza ya Katibu. Mwaka huu tumeongeza safu mbili: tarehe ya kutekeleza, na namba ya simu yako mwenyewe, si ya msaidizi. Kalamu ipo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Baiolojia