Kurt Warner naye mumkumbuke

Mhariri salaam, kurasa zenu za michezo kila zikigusa mpira wa Kimarekani ni Tom Brady tu, sawa jamaa mkali sikatai, ila mbona Kurt Warner hamumgusi kabisa? Huyu kwotabeki, yaani yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, mwaka 1994 NFL (ligi kuu ya Marekani) ilipogawana wachezaji wapya hakuna timu iliyomchagua, timu ya Green Bay wakamjaribu wakamtema, akarudi Iowa akawa anapanga bidhaa kwenye shelfu za supamaketi usiku kwa dola 5.50 kwa saa, hebu fikiria! Akacheza ile ligi ya mpira huohuo ila ndani ya ukumbi, St. Louis Rams wa NFL wakamsajili wakampeleka kwanza Amsterdam akacheze ligi ya Ulaya, kurudi ni benchi tu. Sasa 1999 Trent Green, kwotabeki wao wa kwanza, si akaumia goti kabla ligi haijaanza, Warner akaingia na miaka yake 28 akapiga pasi 41 za tachidauni, yaani za kufikisha mpira eneo la goli la wapinzani, na kwenye Super Bowl, ile fainali ya ligi, wakawafunga Tennessee 23-16, mechi imeisha jamaa wa Tennessee yuko chini kanyoosha mkono na mpira, imebaki yadi 1 tu afunge tachidauni! Mpaka leo nikiiangalia nashika kichwa. Baadaye akaifikisha na Arizona fainali, Pittsburgh wakawaliza dakika za mwisho, hiyo hata sitaki kuiongelea. Tuandikieni makala yake basi, hata nusu ukurasa.

Msomaji wenu wa kila Jumatatu,
Mwanza