Barua ya Wazi kwa Mwendesha Mashtaka wa Jiji Letu: Itazameni Ile Video Pamoja na Mtu Anayejua Kiswahili

Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Tangu mwezi wa Machi nimeiandikia ofisi yako barua tatu na sikujibiwa hata moja, lakini nisingelileta jambo hili hadharani kama Alhamisi iliyopita wakili wangu asingenisomea majibu mliyoyapeleka Mahakama ya Rufaa katika kesi yangu ya kudaiwa kuendesha gari nikiwa nimelewa. Humo mmeandika kwamba mshtakiwa alishindwa vipimo vyote vitatu vya ulevi, na kwamba kama alikuwa na malalamiko kuhusu vipimo hivyo alipaswa kuyatoa kabla ya kesi kusikilizwa. Nilimwomba anisomee mara ya pili. Hamkusema popote kwamba vipimo vilifanywa sawasawa. Mmesema tu kwamba nimechelewa kulalamika.

Mimi ni mzee wa miaka 68, mzaliwa wa Fizi huko Kongo, niliyeishi kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma miaka 19 kabla ya kuletwa hapa Ohio, Marekani. Pombe sijaionja tangu nilipobatizwa. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika nikiezeka nyumba kambini, ukaunga vibaya, na mpaka leo ni mfupi kuliko wa kulia. Anayenifahamu hunitambua kwa mbali kwa mwendo wangu.

Usiku ule wa Januari nilikuwa natoka zamu ghalani, saa nane kasoro, askari akanisimamisha kwa sababu taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki. Akasema macho yangu ni mekundu. Ni kweli yalikuwa mekundu, kwa kuwa nilikuwa macho tangu asubuhi ya jana yake. Akasema ananusa pombe. Nadhani alichonusa ni ile dawa tunayopulizia mashine kabla ya kukabidhi zamu, ambayo hushika kwenye koti, ingawa hilo siwezi kulithibitisha. Akanishusha kwenye ukingo wa barabara wenye kokoto na theluji iliyoanza kuganda, nikiwa nimevaa buti za kazi zenye chuma mbele.

Alinionyesha kalamu, akaipitisha mbele ya macho yangu. Kisha akaniambia nitembee hatua 9, kisigino kikigusa vidole, nigeuke, nirudi hatua 9. Mheshimiwa, Kiingereza changu ni cha kazini. Neno lake la kisigino, “heel”, nililisikia kama “hill”, yaani kilima, na katika video ya tukio hilo ninaonekana nikiinua kichwa kutazama upande wa giza, nikitafuta hicho kilima. Askari aliandika kwamba nimeanza kabla ya kuambiwa, nimetoka kwenye mstari na nimegeuka vibaya. Mstari wenyewe haukuwepo. Aliuchora hewani kwa kidole. Mwisho akanitaka nisimame kwa mguu mmoja sekunde 30, nikihesabu kwa sauti kuanzia elfu moja na moja. Nilihesabu kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ninayohesabia, na nilipofika elfu moja na sita mguu ukashuka.

Mwongozo wa vipimo hivi, unaotolewa na idara ya serikali kuu inayosimamia usalama barabarani, unaeleza kwamba watu wenye umri unaozidi miaka 65, na wenye matatizo ya mgongo, miguu au sikio la ndani, hupata shida katika kutembea kwenye mstari na katika kusimama kwa mguu mmoja. Unataka mahali pakavu, pagumu, pa tambarare, pasipoteleza. Hata kwa watu waliopimwa vizuri, utafiti wa vipimo hivi uliofanywa San Diego, California, wa mwaka 1998 uliripoti usahihi wa asilimia 79 kwa kutembea na 83 kwa mguu mmoja. Sheria ya Ohio nayo inataka upande wa mashtaka uonyeshe kwamba vipimo vilifuata kanuni hizo kwa kiasi cha kutosha. Ni kanuni gani ilifuatwa usiku ule?

Kituoni nilisomewa karatasi ndefu. Nikasema sielewi, naomba mkalimani. Ikaandikwa kwamba nimekataa kupuliza kwenye mashine. Kwa hiyo hakuna pumzi iliyopimwa wala damu iliyochukuliwa, na hukumu nzima imesimama juu ya mguu wangu mbovu. Mahakamani mkalimani nilimpata, nashukuru, lakini alitafsiri maneno ya hakimu na mawakili. Video ilipochezwa, kwa dakika nne tu kati ya ishirini na tatu, alinyamaza. Hakuna aliyeliambia baraza la raia wanaoamua kesi (jury) kwamba yule mzee anayenung’unika kwenye baridi alikuwa anahesabu, tena anahesabu bila kukosea.

Nikukumbushe kwa heshima kwamba kabla ya uchaguzi ulikuja kanisani kwetu, ukasimama karibu na kwaya, ukaahidi kuwa chini ya ofisi yako hakuna mtu atakayetiwa hatiani kwa lugha asiyoielewa. Nilikaa benchi la pili. Nilipiga makofi.

Leo leseni yangu imezuiwa. Ghala liko maili 18 na basi la usiku halifiki huko, hivyo kazi imekwenda. Mke wangu ana kliniki ya moyo kila mwezi, na kila mara tunaomba usafiri kwa vijana wa kanisa ambao nao wana zamu zao. Faini naweza kuimaliza kidogo kidogo, Mungu akijalia. Lakini wajukuu wangu wanasikia shuleni kwamba babu yao ni mlevi, na hilo sina namna ya kulilipa.

Mawakili wameniambia kuwa mwendesha mashtaka anayo nafasi ya kukiri kosa mbele ya Mahakama ya Rufaa, kesi ikarudishwa na kusikilizwa upya. Siombi unihurumie, wala siombi askari aadhibiwe. Naomba uiketie ile video, dakika zote ishirini na tatu, ukiwa na mtu anayejua Kiswahili kando yako, kabla ofisi yako haijasimama tena mbele ya majaji kusema kwamba nilishindwa. Mwache akutafsirie ninavyohesabu.

Wako kwa heshima,
Mshtakiwa, mkazi wa jiji lako