Aliyefilisika ni mji, si chuo cha meno

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mzazi aliyeandika wiki iliyopita akiwaonya vijana wetu wasiende kusomea udaktari wa meno katika miji ya Marekani iliyoishiwa fedha, na akaitaja Detroit kwa jina. Hofu yake naielewa. Mama yangu, akiwa Mombasa, aliisikia habari ya Detroit redioni Julai 2013, akanipigia simu usiku uleule kuniuliza kama chuo kimefungwa na kama nina nauli ya kurudi nyumbani, na wakati huo nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja tu kumaliza. Hata hivyo naona ndugu huyo ameuchanganya mji na chuo, na kwa kufanya hivyo ameiacha kando hatari ambayo kweli humkabili mwanafunzi wa meno mahali kama pale.

Ni kweli kwamba tarehe 18 Julai 2013 Detroit iliomba mahakamani kutambuliwa kuwa imefilisika, ikiwa na madeni yaliyokadiriwa kuwa kati ya dola bilioni 18 na 20, na kwamba Marekani haijapata kuona mji uliofilisika kwa kiasi kikubwa kama hicho. Chanzo chake kilikuwa cha miaka mingi. Mwaka 1950 mji huo ulikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85, lakini sensa ya 2010 iliwakuta 713,777. Viwanda vya magari vilihamia vitongojini na majimbo mengine, wenye kipato wakavifuata, na waliobaki wakawa ndio wa kulipia barabara zilezile, mabomba yaleyale, na pensheni za watumishi walioajiriwa enzi ambazo mji ulikuwa umejaa watu. Nilipokuwa mwaka wa tatu, gavana wa Michigan, jimbo lenye mji huo, Rick Snyder, alimteua Kevyn Orr kuwa msimamizi wa dharura mwenye mamlaka ya kumpita meya na madiwani, na ripoti za wakati huo zilisema kwamba karibu asilimia 40 ya taa za barabarani hazikuwaka na kwamba polisi walichukua wastani wa dakika 58 kumfikia aliyewaita.

Lakini chuo pekee cha udaktari wa meno kilichomo Detroit, University of Detroit Mercy, ni chuo binafsi cha Kikatoliki, chini ya Wajesuiti na Masista wa Huruma, na kimekuwa kikifundisha fani hiyo tangu 1932. Mishahara ya walimu wake haikutoka katika hazina ya jiji, wala shahada yake haikupungua thamani kwa sababu jiji lilikuwa mahakamani. Wiki ile mji ulipofilisika, sisi tulikuwa kliniki tukiziba meno kama kawaida.

Usumbufu wa maisha ulikuwepo, nao sitaukataa. Bima ya gari kwa mwenye anwani ya Detroit ilikuwa ghali kuliko karibu popote nchini Marekani, hata kuna wenzangu waliokuwa wakilipia bima kwa mwezi fedha nyingi kuliko walizolipia chumba. Mimi nilihamia Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, wenye Wayemeni na Wabangladeshi wengi, ambako niliisikia adhana kwa kipaza sauti na nikajihisi niko karibu na kwetu; kisha mwaka huohuo wa 2013 Hamtramck nayo ikawekewa msimamizi wa dharura, nikawa nimeruka majivu nikakanyaga moto. Giza la barabarani tulilizoea kwa kutoka kliniki wawili wawili.

Jambo ambalo sikulizoea ni la wagonjwa, na hapa ndipo ningependa mzazi huyo ayaelekeze macho yake. Nchini Marekani mtu husomea udaktari wa meno kwa miaka minne baada ya kuwa na shahada ya kwanza, si moja kwa moja kutoka kidato cha nne au cha sita kama ilivyo kwetu. Miaka miwili ya mwanzo ni ya darasani na ya kufanyia mazoezi vichwa vya plastiki; miwili ya mwisho ni ya kliniki, na huko mwanafunzi hupimwa kwa kazi alizozikamilisha katika vinywa vya watu: meno aliyoziba, mizizi aliyotibu, meno ya bandia aliyotengeneza, fizi alizosafisha ugaga. Watu hao huja kwa sababu kliniki ya chuo ni nafuu kuliko daktari wa mtaani, nao huvumilia kukaa kitini saa tatu kwa kazi ambayo daktari mzoefu angeimaliza kwa moja. Kwa hiyo mji wenye maskini wengi hauna uhaba wa vinywa vya kujifunzia. Uhaba ni wa fedha za kuokoa jino, na mwanafunzi hujifunza lile ambalo mgonjwa anaweza kulilipia.

Wanafunzi walionitangulia walilijua hili kabla hata jiji halijafika mahakamani. Kuanzia Julai 2009 hadi Septemba 2010 jimbo la Michigan, kwa kubana matumizi, liliwaondolea watu wazima huduma za kawaida za meno katika Medicaid, ambayo ni bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, likawaachia matibabu ya dharura tu. Kung'oa kulilipiwa, kutibu mzizi na kulifunika jino hakukulipiwa. Walitusimulia jinsi walivyomweleza mgonjwa kwa uaminifu wote kwamba gego lake linaweza kuokolewa, kisha wakamdunga sindano ya ganzi na kuling'oa.

Yangu yalinikuta majira ya mapukutiko ya 2013. Alinijia mzee mmoja, mstaafu wa jiji, mwenye gego la chini lililooza lakini mizizi yake ikiwa mizima, na picha ya eksirei ikionyesha mfupa wa kutosha. Nilimweleza gharama ya kuliokoa kwa bei ya kliniki, ambayo mimi niliiona ndogo. Akanitazama akasema, "Ling'oe tu, mwanangu, sijui mwakani watanibakishia kiasi gani." Pensheni yake ilikuwa ikibishaniwa mbele ya Jaji Steven Rhodes, aliyeisikiliza kesi ya ufilisi wa jiji, na hatimaye wastaafu wa kawaida wa jiji walikatwa asilimia 4.5 na kupoteza nyongeza ya kila mwaka, mbali na kupunguziwa sana bima ya afya. Nililing'oa. Mwalimu msimamizi alikagua kazi, akatia saini, nami nikaandikiwa kwamba nimekamilisha jino moja zaidi katika hesabu yangu ya kung'oa, hesabu ambayo tayari ilikuwa imetimia zamani. Kule kwenye mizizi nilikuwa bado nadaiwa.

Katika miezi yangu ya mwisho jiji lilianza kuwakatia maji maelfu ya kaya zilizokuwa na malimbikizo, nasi tukawa tunawafundisha akina mama kuwapigisha watoto mswaki asubuhi na usiku bila kuthubutu kuwauliza kama bomba linatoa. Aprili 2014 ukaja mpango wa jimbo uitwao Healthy Michigan, ambao uliwaingiza katika Medicaid watu wazima wengi ambao awali hawakustahili, meno yao yakiwemo. Simu za kliniki zikawa hazinyamazi, na mimi nilikuwa nahesabu wiki za kuhitimu.

Sasa nirudi kwa mzazi. Kwanza, anaizungumzia Detroit kana kwamba ingali mahakamani, ilhali ilitoka katika ufilisi Desemba 2014, na kufikia mwisho wa 2016 ilikuwa imewekewa taa mpya za barabarani 65,000. Pili, akitaka kujua kama chuo chochote kitamfaa mwanawe, hesabu za jiji hazitamwambia mengi. Na aulize wagonjwa wa kliniki hulipiwa na nani, bima ya jimbo huwalipia watu wazima kazi zipi, na mwanafunzi akikosa mgonjwa wa kutibiwa mzizi chuo humsaidiaje. Mwaka ambao jimbo linafuta malipo ya meno ni mbaya kwa mwanafunzi kuliko mwaka ambao jiji linafilisika, na jambo hilo laweza kutokea hata katika jimbo ambalo miji yake yote ina fedha.

Tena kuna kufilisika kwa mwanafunzi mwenyewe, ambako barua ya mzazi huyo haikukugusia. Wahitimu wa meno wa Marekani wenye mikopo huondoka chuoni wakidaiwa kwa wastani karibu dola 300,000. Mimi nilikuwa na kibali cha ukaazi wa kudumu, hivyo nilipata mkopo wa serikali kuu, nao naulipa mpaka leo. Kijana anayekwenda kwa viza ya mwanafunzi hapati mkopo huo, na benki binafsi kwa kawaida humtaka awe na mdhamini ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani. Iwapo mwanawe ameshapokea barua ya kukubaliwa, ningemshauri mzazi amtafute mdhamini huyo kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi, kwa kuwa amana hiyo mara nyingi hairudishwi.

Ni mimi msomaji wako,
Daktari wa meno,
Michigan, Marekani