Kwa Zuhura, kuhusu Edward na Tony

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi, na mama mwambie nimemkumbuka. Uliniuliza kama nimewahi kusoma habari za kabaila aliyeuacha ukabaila kwa hiari yake. Yupo mmoja ambaye siku hizi hanitoki moyoni: Edward FitzGerald, wa Ireland.

Alizaliwa 1763, mtoto wa Duke wa Leinster, watu wenye mashamba usiyoyamaliza kwa macho. Hajatimiza miaka 18, akawa vitani Marekani upande wa mfalme wa Uingereza. Septemba 1781, pale Eutaw Springs, alijeruhiwa paja akaachwa uwanjani kama maiti. Aliyemwokota ni Tony Small, mtu mweusi aliyekuwa ametoroka utumwa. Hebu fikiria, Zuhura: mtu anayejificha asirudishwe minyororoni, anainama na kumbeba askari mgeni hadi kibandani kwake, anamuuguza mpaka apone. Tangu hapo hawakuachana. Mwaka 1789 walikatiza pamoja misitu ya Kanada yenye theluji, wakiongozwa na dira.

Edward aliingia bunge la Ireland, mjini Dublin, ambamo Wakatoliki, ndio wengi wa nchi, hawakuruhusiwa kuketi. Mwaka 1792 alikwenda Paris, na kwenye karamu moja akalikana jina lake la ubwana mbele ya watu. Jeshi likamfukuza. Akakata nywele fupi, bila ule unga waliojipaka wakubwa, kisha akajiunga na United Irishmen, chama cha Waairishi waliotaka nchi yao ijitoe mikononi mwa Uingereza, kupanga uasi.

Mwaka 1798 serikali ikatangaza pauni 1,000 kwa atakayemfichua. Tarehe 19 Mei walimkuta kitandani, mgonjwa, nyumbani kwa mfanyabiashara wa manyoya ya ndege, mtaa wa Thomas Street, Dublin. Akapigana kwa jambia, akamjeruhi vibaya mmoja wao, ambaye baadaye alikufa. Hilo linanihuzunisha mpaka leo. Mwenyewe alipigwa risasi ya bega, na jeraha likamwua gerezani tarehe 4 Juni. Alikuwa na miaka 34.

Lakini ninayemlilia zaidi ni Tony. Wiki zote zile kabla ya kukamatwa, Edward akifichwa nyumba kwa nyumba, Tony hakuweza kwenda kumwona. Dublin nzima walimjua. Popote ambapo angebisha hodi, askari wangefuata. Inasimuliwa kwamba aliulalamikia uso wake, kwamba ndio uliomzuia kumfikia bwana wake mpenzi.

Niandikie upesi.

Nduguyo,
Mwanaidi